Gharama za mradi wa miundombinu ya TEHAMA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu waliokabidhiwa kazi ya kuandika bajeti ya seva, mtandao, chumba cha mitambo au safari ya kuhamia kwenye wingu, yaani kukodi kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti. Majibu mengine ni marefu kwa sababu huko ndiko fedha zinakopotelea. Kwa niliyoyaona, makadirio hayaharibiki sana kwa kukosea bei ya seva. Huharibika kwa sababu kuna mstari ambao haukuandikwa kabisa.

Makadirio, bajeti na bei ya mkataba si ni kitu kimoja?

Hapana. Makadirio ni kauli yako kuhusu gharama unayoitarajia, pamoja na kiasi unachoweza kukosea. Bajeti ni fedha ambazo mwenye mamlaka amekubali kuzitenga. Bei ya mkataba ni ile aliyosaini mzabuni. Ugomvi mwingi huanza pale namba iliyotamkwa koridoni Jumatatu inapogeuka kuwa bajeti Ijumaa, na hakuna aliyeuliza ilitoka wapi.

Mkurugenzi anataka namba leo hii na sijaona hata michoro. Nimpe nini?

Mpe kiwango cha chini na cha juu. Kwenye usimamizi wa miradi, kipimo kinachotumika sana kwa makadirio ya awali kabisa ni kukosea asilimia 25 chini hadi 75 juu. Yale ya mwisho, usanifu ukishakamilika, ni asilimia 5 chini hadi 10 juu. Kwa hiyo kama hesabu yako ya haraka inasema milioni 100, jibu la kweli ni "kati ya milioni 75 na 175, nami nitalipunguza pengo hilo nikipewa wiki mbili za ukaguzi". Ona kwamba upande wa juu ni mpana kuliko wa chini. Ni nadra mtu kugundua katikati ya mradi kwamba aliorodhesha vitu vingi mno.

Kwa miradi ya programu, Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, alionyesha mwaka 1981 kwamba katika hatua ya wazo tu, gharama halisi inaweza kuwa mara nne ya makadirio au robo yake. Miundombinu ina vitu vya kushika mkononi, kwa hiyo pengo lake huwa dogo zaidi, ila lipo.

Ukibanwa utoe namba moja tu, toa iliyo karibu na kiwango cha juu, andika tarehe, na chini yake weka dhana zako: "Nimechukulia kwamba umeme wa chumba unatosha. Nimechukulia kwamba nyaya zilizopo hazibadilishwi. Nimechukulia kwamba kazi itafanyika saa za kawaida." Dhana moja ikianguka, namba nayo inafunguliwa upya, na hakuna wa kukulaumu kwamba umebadilika.

Nianze na orodha ya bei au orodha ya vifaa?

Anza na miguu. Nenda eneo lenyewe ukiwa na utepe wa kupimia, simu ya kupigia picha na mtu mwenye funguo za vyumba vyote. Chungulia darini, fuata njia za nyaya, hesabu soketi, pima mlango. Kabati la seva la kimo cha kawaida, lenye nafasi 42, hufikia takribani mita 2. Niliwahi kuona kabati likilala nje siku tatu kwa sababu mlango wa chumba ulikuwa mfupi kwa vidole vinne, na mwashi wa kuvunja kizingiti hakuwa popote kwenye makadirio. Makadirio hayo yalikuwa yangu.

Chukua mfano wa nyaya. Una pointi 100 za mtandao, yaani sehemu za kuchomekea kompyuta ukutani, na ukipima unakuta wastani wa mita 45 kwa kila pointi. Aliyekaa ofisini atasema mita 4,500, boksi moja lina mita 305, basi boksi 15. Fundi atakucheka. Boksi moja linatoa vipande 6 vya mita 45, na mita 35 zinazobaki hazifiki popote, kwa hiyo unahitaji boksi 17. Kwenye vyumba vya karibu mabaki hayo yatasaidia kidogo, lakini usiyapigie hesabu. Na pointi yoyote ambayo kebo yake ya ukutani inazidi mita 90 haihesabiwi hivyo hata kidogo: kiwango cha kebo ya shaba ni mita 100 kwa jumla, zikiwemo waya fupi za pande zote mbili. Ukivuka hapo unazungumzia swichi nyingine (kifaa kinachounganisha kebo nyingi za mtandao), kabati dogo, umeme wake na labda fiba, kebo inayopitisha data kwa mwanga. Pointi moja ya mbali inaweza kugharimu kuliko kumi za karibu.

Ni vitu gani husahaulika zaidi?

Vidogo, na kazi zisizo na kifaa. Kwenye vidogo, bingwa ni transiva, vile vidude vinavyochomekwa kwenye swichi ili ipokee fiba. Kila kiungo cha fiba kina ncha mbili, na kila ncha inataka transiva yake. Swichi 10, kila moja ikiwa na viungo viwili vya kwenda kwenye swichi kuu, ni viungo 20, yaani transiva 40. Zikiwa zile za mtengenezaji mwenyewe wa swichi, mstari huo unaweza kulingana na bei ya swichi kadhaa. Mara nyingi kotesheni ya swichi huja bila hata moja, na muuzaji hajakosea: umeomba swichi, umepewa swichi.

Wanaofuata ni reli za kufungia seva kabatini, soketi za ndani ya kabati, waya za umeme zenye kichwa kinachoingia kwenye soketi hizo (seva kubwa hutumia kichwa tofauti na kile cha kompyuta ya mezani), waya fupi za kuunganishia, lebo, vifuniko vya nafasi tupu.

Halafu kazi. Kupima kila kebo kwa mashine na kutoa ripoti. Kutoboa ukuta na kuziba tundu kwa kizuia moto. Kazi ya usiku au ya wikiendi kwa sababu huduma haizimwi mchana. Mfumo wa zamani na mpya kwenda sambamba miezi miwili, ambapo unalipia leseni mara mbili, intaneti mara mbili na umeme mara mbili. Kufuta diski za zamani kwa usalama na kuondoa vifaa vilivyochoka. Mafunzo. Saa za watumishi wenu wenyewe, ambazo kila mtu huziita za bure mpaka kazi zao za kawaida zianze kulala.

Kuna na mstari mmoja wa aibu: umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao, yaani PoE. Swichi ya milango 24 yenye bajeti ya wati 370 inatosha kamera au simu 24 za wati 15.4, karibu kamili. Badilisha ziwe vifaa vya wati 30 kila kimoja, na swichi hiyohiyo inabeba 12 tu. Milango iko, umeme haupo, na unanunua swichi ya pili.

Nimenunua diski za terabaiti 96. Kwa nini mhandisi anasema nina 52 za kutumia?

Kwa sababu anajua kazi yake. Tuseme ni diski 12 za terabaiti 8. Moja inakaa kama spea inayosubiri nyingine ife. Zimebaki 11. Mpangilio wa RAID 6, unaounganisha diski ili data ibaki salama hata mbili zikifa, unatumia ujazo wa diski mbili kwa ajili ya kinga, zimebaki 9, yaani terabaiti 72. Mtengenezaji wa diski anahesabu terabaiti kwa makumi, na mifumo mingi ya uendeshaji inahesabu kwa mbilimbili, kwa hiyo 72 zake zinasomeka kama 65 na ushei. Ukiacha asilimia 20 wazi ili mfumo usilemewe, unabaki na kama 52.

Hesabu hii ipigwe kinyumenyume wakati wa kukadiria: anza na data mliyonayo leo, ongeza ukuaji wa miaka yote ya mradi, kisha panda ngazi hizo hadi ufike kwenye idadi ya diski. Usisahau kwamba nakala rudufu nazo zinakaa mahali, na mahali hapo ni pa kununuliwa.

Umeme na ubaridi navikadiriaje bila kuwa fundi umeme?

Namba chache zinatosha kukuepusha na fedheha. Chukua kabati linalotumia kilowati 5 mfululizo. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo vifaa peke yake vinakula uniti 43,800. Zidisha kwa uwiano wa PUE, yaani umeme wote wa jengo la mitambo ukigawanywa kwa ule wa vifaa, ukiwa 1.6, unapata uniti 70,080 kwa mwaka. Tofauti hiyo ni viyoyozi, upotevu wa UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) na taa.

Karibu umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka kama joto. Viyoyozi huuzwa kwa BTU, kipimo cha joto. Kilowati moja ni takribani BTU 3,412 kwa saa, hivyo kilowati 5 ni kama BTU 17,060. Kiyoyozi cha 12,000 hakitoshi, na kimoja cha 24,000 kinatosha hadi siku kitakapoharibika. Andika viwili.

UPS ina mtego wake. Ya kVA 6 si ya kilowati 6. Kilowati zake ni kVA ukizidisha kwa kigezo cha nguvu kilichoandikwa kwenye maelezo yake: yenye 0.8 inabeba kilowati 4.8, kwa hiyo haiwezi kabati letu, yenye 0.9 inabeba 5.4, inaweza kwa kujibana. Bei zake hukaribiana, na kwenye kotesheni mara nyingi utaona kVA pekee. Betri zake za kawaida za asidi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka mitatu hadi mitano, mapema zaidi chumba kikiwa cha joto, kwa hiyo mradi wa miaka mitano una seti mbili za betri. Weka ya pili kwenye mwaka wake.

Onyo dogo: usijumlishe wati zilizoandikwa mgongoni mwa seva. Hizo ni uwezo wa juu wa kifaa cha umeme, si matumizi. Kama una seva zinazofanana zinazofanya kazi tayari, pima.

Leseni zinanichanganya. Nihesabu seva au watumiaji?

Hesabu kile anachohesabu muuzaji, na soma waraka wake wa leseni mwenyewe badala ya kumsikiliza mtu wa mauzo. Windows Server, mfumo wa uendeshaji wa seva wa Microsoft, huuzwa kwa kore, yaani vitengo vya kuchakata vilivyo ndani ya prosesa: angalau kore 8 kwa kila prosesa na angalau 16 kwa kila seva, hata kama seva yako ina 8 tu. Seva yenye prosesa mbili za kore 32 ni kore 64, mara nne ya kiwango hicho cha chini, kabla hujagusa leseni za watumiaji wanaoingia humo. Mhandisi anayechagua prosesa kubwa "kwa ajili ya baadaye" anaweza kuwa amepandisha leseni kwa kiasi kinachozidi bei ya prosesa yenyewe.

Jambo la pili ni kwamba masharti hubadilika chini ya miguu yako. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, watengenezaji wa programu ya kugawa seva moja iwe mashine nyingi, Novemba 2023, na Desemba mwaka huohuo leseni za kudumu zikasitishwa, zikabaki za kulipia kwa muda. Waliokuwa wameandika mstari wa leseni kama gharama ya mwaka wa kwanza pekee walilazimika kupanga upya. Kwa kila leseni, andika ni ya kudumu au ya kulipia kila mwaka, na mwisho wake lini.

Wingu si ni rahisi kuliko seva zetu wenyewe?

Wakati mwingine. Inategemea mashine yako inalala au hailali. Mwezi una saa 730 kwa wastani. Mashine ya majaribio inayotumika saa 10 kwa siku, siku 22, inahitaji saa 220 tu, kama asilimia 30. Ukiizima usiku, wingu linakupa unafuu wa kweli. Ila hifadhidata inayofanya kazi usiku na mchana kwa miaka minne ni hadithi nyingine. Hiyo ilinganishe kwa makini na seva ya kununua, au na bei ya kujifunga na mwenye wingu kwa mwaka mmoja hadi mitatu.

Mashine ikizimwa, diski yake inaendelea kulipiwa. Nakala za diski zinazopigwa kila mara (snapshot) zinarundikana. Data inayotoka nje ya wingu hutozwa, wakati inayoingia kwa kawaida haitozwi. Aliyeweka nakala zake huko aandike pia gharama ya siku atakapozihitaji zote kwa mpigo. Hata anwani za IPv4 za umma, zile namba zinazoitambulisha mashine kwenye intaneti, zina bei: tangu Februari 1, 2024, AWS, huduma ya wingu ya Amazon, hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila moja. Inaonekana chenji, lakini anwani 40 ni kama dola 146 kila mwezi.

Nimepata kotesheni tatu na zinapishana sana. Niamini ipi?

Usiamini yoyote kabla hujaziweka kwenye jedwali moja, mstari kwa mstari. Mara nyingi ya bei ya chini imeacha kitu: ufungaji, dhamana ya miaka mitatu, kodi, transiva zile zile.

Angalia masharti ya usafirishaji. Bei ya EXW maana yake mzigo uko mlangoni kwa muuzaji, na kila kitu baada ya hapo ni juu yako: lori, meli au ndege, bima, ushuru, wakala wa forodha. Bei ya DDP maana yake unaletewa ulipo, ushuru ukiwa umelipwa. Kulinganisha EXW na DDP ni kulinganisha nyumba na picha ya nyumba. Angalia pia muda wa bei kutumika na sarafu iliyoandikwa. Kama bei ni ya fedha za kigeni na idhini yenu inachukua miezi minne, mabadiliko ya sarafu ni mstari wa gharama kama mwingine.

Bei za vifaa zenyewe nazo zinaruka. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalipandisha bei ya diski duniani kote, na uhaba wa chipu wa 2020 hadi 2022 uliwaacha watu wakisubiri swichi kwa miezi mingi. Mradi unaosubiri swichi unaendelea kulipa pango na mishahara.

Saa za mafundi nazikadiriaje? Kila mmoja ananiambia "kazi ndogo hiyo".

Muulize maswali matatu badala ya moja: mambo yakienda vizuri saa ngapi, kwa kawaida saa ngapi, yakiharibika saa ngapi. Halafu tumia kanuni ya PERT, iliyozaliwa mwaka 1958 kwenye mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la wanamaji la Marekani: jumlisha ya chini, ya kawaida mara nne na ya juu, ugawe kwa 6. Fundi akisema 4, 6 na 20, unapata 4 + 24 + 20 = 48, ukigawa kwa 6 ni saa 8. Yeye angekwambia 6.

Toa ya chini kwenye ya juu, gawa kwa 6, na unapata kipimo cha mtawanyiko: hapa ni kama saa 2.7. Ukiwa na kazi 9 za namna hiyo, jumla ni saa 72, lakini mtawanyiko haujumlishwi hivihivi. Unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3, unapata kama saa 8. Mikosi yote haitokei siku moja. Hayo ni kweli pale tu kazi hazitegemeani. Kama zote 9 zinamsubiri fundi mmoja au kontena moja, zitachelewa pamoja, na hesabu hiyo nzuri haina maana.

Akiba ya dharura iwe asilimia ngapi? Wengi huweka 10.

Kumi ni desturi. Hesabu ni kitu kingine. Orodhesha hatari, kila moja uipe uwezekano na gharama yake, uzizidishe. Kuna uwezekano wa asilimia 30 kwamba umeme wa jengo hautoshi, na kuongeza laini ni milioni 10: weka milioni 3. Ukimaliza orodha, jumla ndiyo akiba yako, na kila shilingi au dola ndani yake ina jina. Meneja wa fedha akitaka kuikata, muulize ni hatari gani anayoibeba yeye.

Akiba hiyo ikae kwenye mstari wake, ionekane. Usiifiche kwa kutia chumvi kwenye bei ya kila kifaa. Ikigundulika, hata bei zako za kweli hazitaaminika tena.

Kwa nini hata wajuzi huzidisha bajeti?

Kwa sababu wanaitazama kazi kutokea ndani, wakiwaza hatua zake moja moja. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliueleza ugonjwa huu mwaka 1979, na dawa yake ni kuangalia nje: miradi inayofanana na huu wangu iliishia wapi? Watafiti Bent Flyvbjerg na Alexander Budzier waliangalia miradi 1,471 ya TEHAMA na kutoa matokeo mwaka 2011. Wastani wa kuzidi bajeti ulikuwa asilimia 27, ambao unavumilika. Kilichotisha ni kwamba mradi mmoja kati ya sita ulizidi kwa wastani wa asilimia 200. Wastani unaficha majanga. Kwa hiyo baada ya kumaliza mchanganuo wako, tafuta miradi mitatu minne iliyopita ya shirika lenu na uone namba yako inakaa wapi kati yake.

Nimeambiwa nikate asilimia 20. Nifanyeje?

Kata kitu, usikate namba. Rudi na orodha: tukiondoa tawi la pili, au kiyoyozi cha akiba, au dhamana ya mwaka wa nne, tunafika hapo, chagueni. Ukikubali kupunguza asilimia 20 huku kazi ikibaki ileile, umesema kwa mdomo wako kwamba makadirio ya mwanzo yalikuwa ya uongo.

Ni programu gani nzuri ya kukadiria?

Lahajedwali. Safu za kitu, idadi, bei, chanzo cha bei, tarehe na dhana. Kwenye mradi wa miaka kadhaa ongeza safu ya kila mwaka, maana matengenezo, leseni na betri havilipwi siku ya uzinduzi.

Mradi umekwisha. Yale makadirio nayatupa?

Usiyatupe. Ongeza safu moja ya gharama halisi, jaza kutoka kwenye ankara na karatasi za saa za kazi, uone wapi ulipotea. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba bei za vifaa nilikuwa nikizikosa kwa asilimia chache tu, ila kazi za usiku nilikuwa nikiziandikia nusu ya saa zilizotumika. Siku hizi fundi akiniambia saa tatu za usiku, naandika sita mbele yake, na mafundi wenyewe wameacha kubisha.